Safari pepe ndani ya mishipa ya damu: picha ipi, njia ipi, mtazamo upi

Ukiwa na picha za CT, yaani eksirei za kompyuta za kipande kwa kipande, za aota (ateri kuu itokayo moyoni) iliyojazwa dawa ya kung'arisha mishipa, kompyuta ya kawaida ya leo inaweza kuutafuta uwazi wa mshipa, ikachora mstari unaopita katikati yake, kisha ikapitisha kamera pepe juu ya mstari huo kuanzia karibu na moyo hadi kwenye ateri za nyonga. Mgonjwa mwenyewe ameshashuka mezani zamani. Hakuna katheta, yaani mrija mwembamba wa kupitishwa ndani ya mshipa, iliyoingizwa, na picha zilezile zinaweza kupitiwa upya mara nyingi kadiri daktari anavyotaka.

Tatizo la anayetaka kuchagua mbinu au programu ya kazi hii ni kwamba karibu kila onyesho linapendeza. Kuta ni laini, mwanga umekaa vizuri, matawi yanafunguka upande huu na ule. Lakini picha ya kupendeza huweza kutengenezwa hata kutokana na mshipa uliotengwa vibaya. Kwa hiyo nitalinganisha hatua moja baada ya nyingine: picha zinazoingia, namna ya kuupata ukuta, namna ya kuitafuta njia, na namna ya kutazama. Msimamo wangu ni kwamba uchaguzi uanze na swali la kitabibu na mshipa unaohusika, programu ije baadaye. Mbinu inayofaa aota inaweza kukupoteza kabisa kwenye ateri za ubongo.

Picha: CT, MRI au angiografia ya kuzunguka

CT ndiyo rafiki mkubwa wa kompyuta hapa, na sababu yake ni rahisi: namba zake zina maana ileile kila mahali. Kwa vipimo vya Hounsfield, maji ni 0 na hewa ni −1000. Damu isiyo na dawa huwa karibu na 40. Ikichanganyika na dawa ya iodini hupanda hadi 300 au zaidi. Programu inaweza kuambiwa "kuanzia hapa kwenda juu ni damu" na agizo hilo likafanya kazi kwa mgonjwa wa kwanza na wa pili. Kasoro zake zinajulikana: mionzi, na iodini ambayo inahitaji tahadhari kwa mwenye figo dhaifu.

Kasoro nyingine haitajwi vya kutosha, nayo ndiyo inayoharibu safari pepe. Kalsiamu iliyoganda kwenye ukuta wa ateri hung'aa kuliko damu yenye dawa, na katika picha huonekana imefura kupita ukubwa wake halisi. Ukiweka kiwango cha chini tu bila kiwango cha juu, kalsiamu inahesabiwa kuwa damu, na kamera inapita mahali palipoziba kana kwamba pako wazi. Ukiikata kalsiamu yote, ufuro wake unaondoka na sehemu ya uwazi, na pale palipobana kidogo panaonekana pamebana sana. Makosa mawili yanayopingana, kutoka picha ileile.

Kisha kuna suala la ukubwa. Vokseli, yaani kijichemraba kidogo kabisa kinachounda picha, ya CT nzuri ina upana wa takriban nusu milimita. Ateri ya moyo yenye kipenyo cha milimita 3 inapata vokseli sita tu kutoka ukuta hadi ukuta. Ikibana kwa asilimia 50 zinabaki tatu. Ikibana kwa asilimia 70 hazifiki mbili. Ina maana kwamba tofauti ambayo huweza kubadilisha matibabu ya mtu imekaa ndani ya takriban vokseli moja, na hiyo yenyewe iko pembeni, ambako damu na ukuta vimechanganyika katika namba moja. Kwenye aota yenye kipenyo cha sentimita 2 au 3, kosa hilohilo la vokseli moja halina uzito.

MRI, inayopiga picha kwa sumaku, ina sura mbili. Ile isiyotumia dawa hutegemea damu mpya inayoingia kwenye eneo la picha: damu inayotiririka hung'aa, tishu iliyotulia hufifia. Haina mionzi wala sindano, na kwa ateri za ubongo inatumika sana. Ila inapima mwendo zaidi kuliko umbo. Damu ikipungua kasi ndani ya aneurizimu, yaani sehemu ya ateri iliyofura, au ikizunguka ovyo baada ya mahali palipobana, mwanga wake hupotea. Kamera pepe inafika hapo inakuta ukuta ambao katika mwili haupo. MRI yenye dawa ya gadolini hupunguza tatizo hilo, lakini tangu 2006 kuna tahadhari kwa wenye figo zilizoharibika sana, baada ya baadhi ya dawa hizo kuhusishwa na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na tishu za ndani.

Kwa upande wa kompyuta, udhaifu wa MRI ni kwamba namba zake hazina kipimo cha kudumu. Mng'ao wa 300 katika picha moja unaweza kuwa 900 katika nyingine, hata kwa mashine ileile. Mbinu yoyote inayotegemea kiwango kilichowekwa mapema itayumba. Ukiwa na picha nyingi za MRI, hilo peke yake litakuondolea chaguo nyingi zilizo sokoni.

Angiografia ya kuzunguka, ambapo mkono wa eksirei huzunguka takriban nyuzi 200 huku dawa ikimwagwa moja kwa moja kwenye ateri, hutoa vokseli ndogo kuliko hizo mbili na huonyesha mshipa uliomwagiwa dawa tu, mifupa ikiwa imeondolewa. Kwa shingo ya aneurizimu ya ubongo, yaani mahali inapoungana na ateri, sijui chanzo kizuri kuliko hiki. Lakini katheta imeshaingia mwilini. Hapo safari pepe haichukui nafasi ya katheta. Inamsaidia daktari kuchagua pembe ya kufanyia kazi.

Kuupata ukuta

Njia kongwe ni kupanda mbegu: unabofya ndani ya mshipa, na programu inasambaa kwa kila vokseli jirani iliyo ndani ya kiwango ulichoweka. Ni ya haraka, inaeleweka, na kwa aota ya CT inatosha mara nyingi. Inashindwa pale mshipa unapogusa kitu kinachong'aa. Ateri ya karotidi, ile ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo, inapopenya mfupa wa sehemu ya chini ya fuvu, mbegu huvuja kutoka kwenye ateri na kuingia mfupani, na ghafla una mshipa wenye umbo la fuvu.

Mwaka 1998 Alejandro Frangi na wenzake walichapisha kichujio kinachouliza kila vokseli swali jingine: je, mazingira yako yana umbo la mrija? Hakijali sana mng'ao wenyewe. Kinaangalia jinsi mng'ao unavyopinda kuelekea pande zote. Kwa mishipa myembamba ya MRI ni msaada mkubwa. Udhaifu wake unatokana na wazo lenyewe: njia panda si mrija, na aneurizimu si mrija. Kichujio hufifia pale pale ambapo daktari anataka kuangalia. Kama swali lako linahusu aneurizimu, usikitumie peke yake.

Mitandao ya neva bandia ndiyo inayotangazwa zaidi sasa, hasa baada ya muundo wa U-Net wa 2015. Imestahili sifa. Hujifunza kutenganisha kalsiamu na damu, na ateri na vena iliyo karibu, mambo yanayozishinda sheria zilizoandikwa kwa mkono. Swali la kumuuliza muuzaji ni jinsi alivyoupima ubora. Kipimo kinachotumika zaidi hulinganisha vokseli za kompyuta na za mtaalamu, kikitoa alama kati ya 0 na 1. Tuseme mshipa una vokseli 100,000 na mtandao umekosa kumi tu, zote mahali pamoja, katikati ya tawi jembamba. Alama haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Lakini tawi limekatika, na kamera haiwezi kuvuka. Kwa safari, muunganiko wa mshipa una uzito kuliko idadi ya vokseli zilizopatikana. Alama ya 0.95 isiyoambatana na maelezo ya muunganiko isikushawishi.

Kuitafuta njia

Hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli, na ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi.

Kubofya nukta kwa mkono bado kuna nafasi yake. Mtaalamu anaweka nukta moja baada ya nyingine, programu inaziunganisha kwa mstari laini. Ni kazi ya kuchosha na watu wawili hawatapata mstari uleule, lakini mtu anaelewa anachokiona. Ateri iliyoziba kabisa katikati, yenye damu tena upande wa pili, inaweza kuunganishwa na mtu kwa ujuzi wake wa anatomia wakati algoriti nyingi zimekwama.

Kukondesha kunafanya kazi kwa mtindo mwingine: programu inamenya vokseli za nje za mshipa safu kwa safu mpaka ubaki uzi mmoja katikati. Faida yake ni kupata mti mzima wa matawi bila kuambiwa mwanzo wala mwisho. Hasara yake ni kwamba kila kijinundu kwenye uso hugeuka kuwa tawi bandia, na kila tundu dogo lililoachwa wakati wa kutenga mshipa hugeuka kuwa kitanzi. Lazima kuwe na hatua ya kupogoa, na anayepogoa kwa kigezo cha urefu anaweza kuondoa tawi fupi la kweli pamoja na ya uongo.

Njia ya gharama ndogo inatoka katika wazo la Edsger Dijkstra la 1959 la kutafuta njia fupi kwenye mtandao wa vituo. James Sethian aliiboresha hesabu ya wimbi linalosambaa katika nafasi mwaka 1996, na mwaka 2001 Thomas Deschamps na Laurent Cohen wakaonyesha jinsi ya kuitumia kwa safari pepe ndani ya viungo. Unatoa nukta mbili, mwanzo na mwisho. Wimbi linaanzia ya kwanza, linakimbia kwa kasi ndani ya damu na kujikokota ndani ya tishu nyingine. Likifika ya pili, programu inarudi nyuma kwa mkondo uliotumia muda mfupi zaidi.

Ninaipenda mbinu hii kwa sababu inaweza kufanya kazi moja kwa moja juu ya picha, kabla mshipa haujatengwa kikamilifu. Pengo dogo halimzuii msafiri, linamchelewesha tu. Lakini ina tabia tatu za kuzijua. Kwenye kona, njia fupi hubana ukuta wa ndani wa mpindo, na kamera inakwaruza ukuta huo. Dawa yake ni hatua ya pili: hesabu umbali wa kila vokseli kutoka ukutani, kisha rusha wimbi tena likipendelea katikati. Ikiwa mishipa miwili imegusana, wimbi litaruka kutoka mmoja kwenda mwingine kama kufanya hivyo kunafupisha safari. Na kwenye mduara wa Willis, zile ateri zilizounganishwa chini ya ubongo, kuna njia zaidi ya moja ya kufika, nayo huchagua ya bei rahisi hata kama si ile ambayo katheta itapita. Nukta ya tatu ikiwekwa katikati ya njia unayoitaka, tatizo hilo linaisha.

Mbinu ya nne hutumia mchoro wa Voronoi. Uso wa mshipa ukishapatikana, kompyuta inatafuta tufe kubwa kabisa linaloweza kukaa ndani kila mahali, na mstari unapita kwenye vitovu vya matufe hayo. VMTK, programu huria iliyoanzishwa na Luca Antiga na David Steinman, imejengwa juu ya wazo hili. Kila nukta ya mstari inabeba nusu kipenyo chake, kwa hiyo unapata vipimo pamoja na njia. Kwa kupanga stenti, yaani mrija wa waya unaoushikilia mshipa uwe wazi, au kuchunguza umbo la njia panda, sioni sababu ya kutumia kitu kingine. Sharti ni uso safi: ukiwa na tundu au umegusana na mshipa mwingine, mstari unaharibika.

Kwa ufupi wa uamuzi: unataka kufika mahali fulani haraka, chukua njia ya gharama ndogo. Unataka kupima, chukua Voronoi. Unataka mti mzima kwa utafiti, kondesha kisha upogoe kwa uangalifu. Nukta za mkono ziwepo daima kama akiba.

Ukipewa takwimu za ubora wa mstari, tenganisha mambo mawili. Mfumo wa tathmini wa Rotterdam uliochapishwa 2009, uliotumia picha za CT za ateri za moyo za wagonjwa 32, ulipima kando uwezo wa kuufuata mshipa hadi mwisho na usahihi wa mstari pale ulipofuatwa. Mgawanyo huo bado ni wa busara. Programu yenye mstari sahihi sana lakini inayopotea njia baada ya tawi la pili ina tatizo tofauti na ile inayofika mwisho ikiyumba.

Kutazama

Safari pepe ilipata jina kubwa kupitia utumbo mpana, ambao David Vining alionyesha uchunguzi wake pepe mwaka 1994. Wengi walitarajia mishipa ya damu ifuate mkondo huohuo. Lakini utumbo husafishwa na kujazwa gesi, na kati ya gesi na ukuta kuna tofauti ya takriban vipimo 1000 vya Hounsfield. Kati ya damu yenye dawa na ukuta wa ateri kuna mia mbili au tatu. Ukuta unaouona ndani ya mshipa ni mpaka uliochaguliwa na kiwango, na ukikisogeza, unasogea nao.

Ndiyo maana ninasisitiza jaribio moja kabla ya kuamini tundu lolote. Katika mpasuko wa aota, utando wa ndani wa mshipa huchanika na kutengeneza njia mbili za damu. Safari pepe ni nzuri mno kwa kuonyesha mlango ambao damu inapita kutoka njia moja kwenda nyingine, na kwa kuona ateri ya figo inapata damu kutoka upande upi. Lakini utando huo ni mwembamba, na kiwango kisichofaa huutoboa matundu ambayo hayapo. Sogeza kiwango kwa vipimo 50 juu na chini. Tundu likifunga, rudi kwenye picha za vipande na uliangalie huko.

Rangi ya waridi ya ukuta nayo imewekwa na programu. Kamera halisi ya nyuzi ikiingizwa kwenye ateri huweza kuona utando wa mafuta ukiwa wa manjano. Kamera pepe haioni rangi yoyote, kwa kuwa CT haikurekodi rangi.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye aota ya tumbo iliyofura. Damu iliyoganda hujaa pembeni, na katikati hubaki njia yenye upana wa kawaida. Msafiri wa ndani anaona mshipa mzuri, laini, ulionyooka, ilhali kipenyo cha nje kinaweza kuwa kimeshapita sentimita 5.5, kiwango ambacho kwa wanaume upasuaji huanza kuzungumziwa. Kwa swali la ukubwa wa aneurizimu ya aota, safari ya ndani ni chaguo baya, nami sitalilegeza neno hilo.

Mshindani wake hapo ni picha ya mshipa ulionyooshwa, ambapo programu hukata kufuata mstari wa kati na kuukunjua mshipa wote katika bapa moja. Ukuta, kalsiamu na damu iliyoganda vyote vinaonekana. Inategemea mstari kabisa: mstari ukitoka katikati, bapa linakata ukingoni na kuonyesha mbano wa uongo. Kwa hiyo zungusha bapa angalau mara mbili kuzunguka mhimili wake. Mbano wa kweli haupotei katika kila upande. Kwa ateri za moyo, ambazo zina vokseli chache na mapigo yasiyotulia, ningetumia hii na kuiacha safari ya ndani kwa mafunzo.

Picha ya mng'ao wa juu kabisa, inayobana ujazo wote kuwa kivuli kimoja, ni ya kupata ramani ya haraka. Kalsiamu huufunika uwazi, kina hupotea. Isitumike kupima.

Safari ya ndani inashinda wapi basi? Kwenye milango. Jinsi mdomo wa ateri ya figo ulivyokaa mbele ya waya za stenti, uhusiano wa shingo ya aneurizimu ya ubongo na matawi yanayotoka karibu yake, mlango wa mpasuko: mambo haya ya mpangilio hueleweka kutoka ndani kwa sekunde chache, wakati kwa vipande vya kawaida msomaji lazima ayajenge kichwani. Zima ulainishaji unapoyatazama. Uso unaochorwa kwa mbinu ya Lorensen na Cline ya 1987 huwa na ngazi ndogondogo, na programu nyingi huzilainisha ili zipendeze. Aneurizimu ya milimita 2 inaweza kulainishwa nazo. Wala usipime umbali kwenye mtazamo wa kamera, maana lenzi pana huvikuza vya karibu na kuvidogosha vya mbali.

Kabla ya kununua au kusakinisha

Anayejifunza au kufanya utafiti anaweza kuanza bila gharama: 3D Slicer ni programu huria, ina kiongezi cha VMTK, na inasoma mafaili ya DICOM, muundo wa kawaida wa kuhifadhi picha za hospitali. Wenyewe wanaeleza kwamba haijaidhinishwa kwa matumizi ya kitabibu, kwa hiyo uamuzi wa matibabu usiegemee matokeo yake.

Kwa programu ya kliniki, omba ijaribiwe kwa picha zako, zikiwemo mbaya: yenye kalsiamu nyingi, yenye ateri iliyoziba, yenye mgonjwa aliyetikisika. Angalia kama unapobofya ndani ya safari, vipande vitatu vya kawaida, yaani picha za kukata mwili kwa pande tatu, vinahamia hapohapo. Na jaribu kuuvuta mstari wa kati kwa mkono. Kama haurekebishiki, au unarekebishika bila programu kuweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini, mimi nisingeichukua, hata ikiwa inamaliza safari nzima kwa kubofya mara moja.